Uliza Ujibiwe: Shahada za kompyuta za njia mpya, ipi ikufae?

Barua za toleo hili zinazunguka jambo moja. Siku hizi kuna shahada za sayansi ya kompyuta zinazosomwa kwa mtandao kuanzia mwanzo hadi mwisho. Nyingine ni nafuu mno, nyingine hazidai cheti chochote mlangoni, na nyingine zimefungua tawi karibu nasi. Wasomaji wanauliza ipi ni ya kweli na ipi itawafaa. Tumechagua barua saba. Ada hubadilika kila mwaka, kwa hiyo tarakimu za fedha zitumie kupimia ukubwa wa mzigo, kisha hakiki bei ya leo kabla hujalipa.

Ndugu wahariri, nimemaliza kidato cha sita EGM (uchumi, jiografia na hisabati) na nina pointi za kuingia chuo, lakini Bodi ya Mikopo haikunipangia kitu. Kaka yangu ananiambia nisome University of the People kwa kuwa ni bure. Mwalimu wangu anasema University of London ndiyo yenye jina. Nishike ipi? – Msomaji, Morogoro

Hiyo ya kwanza si bure. University of the People, chuo cha Marekani kilichoanzishwa 2009, hakitozi karo, ila kinatoza ada ya maombi ya dola 60 na ada ya tathmini kwa kila kozi. Shahada ina krediti 120, yaani kozi 40. Ada ya kozi ilianzia dola 100 na imepandishwa zaidi ya mara moja. Chukua kiwango cha leo, zidisha kwa 40, ongeza 60. Hata kwa bei ile ya zamani ungefikia dola 4,060. Nafuu yake ni kwamba unalipia kozi za muhula huo tu, na kuna ufadhili unaoweza kuomba.

Shahada ya University of London ilizinduliwa 2019 kupitia Coursera, jukwaa la kozi za mtandaoni, na upande wa taaluma unasimamiwa na Goldsmiths. Ina krediti 360 za mfumo wa Uingereza: moduli 22 za krediti 15 kila moja, na mradi wa mwisho wa krediti 30. Ada imegawanywa katika bendi mbili kulingana na nchi unayoishi, na nchi zinazoendelea ziko kwenye bendi nafuu. Hata hivyo utalipa zaidi ya maradufu ya ile nyingine.

Sasa namna ya kusoma, maana hapo ndipo wengi hukwama. University of the People ina mihula mitano kwa mwaka, kila mmoja wiki tisa. Wiki ya masomo hufunguka Alhamisi na kufungwa Jumatano saa 5:55 usiku kwa saa ya chuo, ambayo iko nyuma ya Greenwich kwa saa tano. Kwako Morogoro hiyo ni Alhamisi saa 1:55 asubuhi. Anayejiambia “nitakusanya Alhamisi mchana” amepoteza alama za wiki nzima. Ndani ya wiki hiyo, kwa kila kozi, unasoma sura ulizopangiwa, unachangia mjadala na kuwajibu wenzako, unakusanya zoezi na kuandika shajara ya ulichojifunza. Katika kozi zinazotumia kusahihishana, wiki inayofuata unasahihisha kazi za wenzako, nao wanasahihisha yako.

Kusahihishana huko ndiko kunakolalamikiwa kuliko jambo lolote. Mwenzako anapitisha jicho juu juu, anakupa alama sita kati ya kumi, anaondoka. Dawa yake ni kuandika jibu kwa kufuata vigezo vya usahihishaji kimoja baada ya kingine, kila kigezo kikiwa na kichwa chake kidogo, ili hata msahihishaji mvivu akione. Ukionewa, mwandikie mwalimu wa kozi mapema, ukitaja kigezo na aya ulikokijibu. Malalamiko ya “nimeonewa” yasiyo na aya hayamsaidii mwalimu.

London ni kinyume chake. Kipindi kimoja ni wiki 22, wanaanza Aprili na Oktoba, na alama zinatokana na kazi za katikati ya kipindi pamoja na mtihani au kazi ya mwisho. Hakuna wa kukusukuma kila wiki. Anayehitaji kusukumwa hufika wiki ya 15 akiwa hajagusa video za wiki ya 6. Programu ya kwanza unaandika kwa JavaScript, ukichora na kuhuisha maumbo, na kando yake kuna hisabati ya diskriti, yaani mantiki, seti, grafu na uthibitisho. Kule University of the People unaanza na Python, kisha Java.

Suala la kutambuliwa nchini lichunguze kabla ya kulipa. TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, hutazama mambo mawili ambayo watu huyachanganya: kama chuo kina ithibati katika nchi yake, na kama wewe mwenyewe uliingia ukiwa na sifa zinazolingana na zile zinazodaiwa hapa. Wewe mwenye alama mbili za principal zenye pointi 4.0 au zaidi huna shida na hilo la pili. Kwa hilo la kwanza, usiamini ukurasa wa chuo. Chuo cha Marekani kitafute kwenye orodha ya Wizara ya Elimu ya Marekani au ya CHEA, baraza la Marekani la ithibati ya vyuo, na cha Uingereza kwenye rejista ya Office for Students. University of the People ilipata 2014 ithibati ya DEAC, chombo cha Marekani cha vyuo vya masafa, na baadaye ikaomba ile ya WSCUC, chombo kingine cha ithibati, yenye uzito zaidi kwa vyuo vingi vinavyopokea wanafunzi wa uzamili, kwa hiyo angalia hali ya sasa kwenye orodha ya WSCUC yenyewe. Kisha iandikie TCU ukitaja jina la chuo, jina la shahada na njia ya kusoma, na jibu lao ulihifadhi. Kila muhula pakua muhtasari wa kozi ulizosoma uuweke mahali pamoja, maana ukija kuombwa miaka mitano baadaye huenda ukurasa ule haupo tena.

Hukumu yetu: kama familia inaweza kuchanga bila kuuza shamba, chukua London. Kama haiwezi, University of the People ni shahada halali na unaweza kuimaliza, mradi upungufu wa hisabati uujazie mwenyewe. Ila usiache kwanza dirisha la rufaa la Bodi ya Mikopo. Nafasi katika chuo cha ndani yenye mkopo nusu, maabara na wenzako wa kubishana nao inazizidi zote mbili kwa mtu wa umri wako. Na usitegemee mkopo wa Bodi kwa chuo cha mtandaoni cha nje.

Nina KCSE ya C na diploma ya ICT, nafanya kazi kwa kampuni ya intaneti. Nimeona shahada zinazosema hazihitaji cheti chochote, unafaulu kozi mbili tatu za mwanzo unaingia. Pia kuna Open University of Kenya. Zaidi ya hayo, sielewi tofauti ya shahada ya sayansi ya kompyuta, ya data, ya usalama wa mtandao na ya akili unde (AI). – Msomaji, Kisumu

Njia ya kuingia kwa kufaulu kozi za mwanzo ni ya kweli, na vyuo vinavyoheshimika vinaitumia. Tatizo liko nyumbani. Mamlaka zetu hufuatilia ngazi ulizopanda: sekondari, diploma, shahada. Aliyeruka ngazi anaweza kushika shahada halali ya chuo halali, na bado akakwama inapofika kuilinganisha kwa ajili ya kazi ya serikali au uzamili hapa nchini. Diploma yako inakuokoa, kwa hiyo iwasilishe katika maombi hata kama chuo hakijaiuliza, ili ionekane kwenye faili lako kwamba uliingia nayo.

Open University of Kenya (OUK) ilipewa hati 2023 na makao yake yako Konza. Kwa kuwa ni chuo cha umma cha Kenya, habari ya kulinganisha cheti haipo, na malipo hayapiti kwenye kadi ya benki inayokataliwa usiku wa mwisho wa kulipa. Kasoro kwako ni moja: walichoanza nacho upande wa kompyuta ni sayansi ya data na usalama wa mtandao pamoja na uchunguzi wa kidijitali. Anayetaka sayansi ya kompyuta kamili aangalie mtaala, asiangalie jina.

Na mtaala unasomwa hivi. Chukua orodha ya kozi zote, tafuta vitu hivi: miundo ya data na algoriti (iwe kozi mbili, moja haitoshi), hisabati ya diskriti, usanifu wa kompyuta, mfumo endeshi, mitandao, hifadhidata, na mradi mkubwa wa mwisho. Vikiwepo vyote, hiyo ni sayansi ya kompyuta hata ikiitwa jina jingine. Vikikosekana viwili au vitatu na nafasi yake imejazwa “ujasiriamali wa kidijitali” na “uongozi”, unanunua jina. Sayansi ya data hupunguza mfumo endeshi na usanifu, na kuongeza takwimu, uwezekano na aljebra ya mstari. Usalama wa mtandao huegemea mitandao na mfumo endeshi, na ile iliyo nzuri ina kozi ya kriptografia yenye nadharia ya namba ndani yake, si majina ya programu za ulinzi tu. Akili unde kama shahada ya kwanza imeenea juzi tu. Carnegie Mellon walianzisha yao 2018 na wengi wakafuata. Iliyo ya kweli ina kalkulasi, aljebra ya mstari na uwezekano kabla ya mwaka wa tatu. Ikikosa hivyo, miaka minne itaisha ukijua kuita maktaba ya programu iliyoandikwa na mwingine, na siku inaporudisha majibu ya ajabu hutajua pa kushika.

Kwa kazi uliyo nayo, usalama wa mtandao wa OUK unakaa vizuri juu ya diploma yako. Kama una hamu ya kuhama kabisa kwenda kuandika programu, tafuta sayansi ya kompyuta.

Assalaam alaykum. Kijana wangu anamaliza darasa la 12 hapa Muscat, shule ya mtaala wa Kihindi. Tunasikia IIT Madras, chuo cha teknolojia cha India, wana shahada ya mtandaoni, na pia wana kampasi Zanzibar, kwetu asili. Ni kitu kimoja? – Mama wa mwanafunzi, Muscat

Wa alaykum salaam, mama. Si kitu kimoja, na majina yake yanafanana mno hadi watu hulipia hiki wakidhani ni kile.

Ya mtandaoni ni shahada ya sayansi ya data na matumizi yake, iliyoanza 2020 kama BSc na kukua hadi BS kamili ya krediti 142. Haidai JEE, ule mtihani mgumu wa kuingia IIT. Badala yake mwombaji husoma majuma manne ya masomo halisi: hisabati, takwimu, fikra za kikompyuta na Kiingereza. Anafanya mazoezi ya kila juma, na akifikisha alama zinazotakiwa anaruhusiwa kukaa mtihani wa kufuzu. Uzuri wake ni vituo vya kushukia njiani. Hatua ya msingi ni kozi nane, krediti 32. Kisha inakuja diploma, kisha shahada ya BSc kwa krediti 114, na mwisho shahada kubwa zaidi ya BS kwa krediti 142. Kijana akichoka mwaka wa pili hatoki mikono mitupu.

Ugumu wake ni mitihani. Masomo ni ya mtandaoni lakini mitihani inakaliwa ana kwa ana kituoni, mara kadhaa kila muhula. Vituo vingi viko India, vya nje ni vichache. Kabla ya kulipa, uliza kituo gani cha Ghuba kitakuwa wazi muhula huo, na uweke nauli kwenye hesabu. Mtu anayepanda ndege kila muhula kwenda kufanya mtihani hasomi shahada ya bei nafuu tena.

Kampasi ya Zanzibar ilifunguliwa 2023 huko Bweleo, nje ya mji. Kijana anahudhuria darasani na kukaa bweni kwa miaka minne, akisoma BS ya sayansi ya data na akili unde. Kuingia kuna mtihani wa mchujo na usaili. Ada ya mwaka ilipotangazwa ilikuwa dola 12,000, na madarasa ni madogo: nafasi 50 za shahada ya kwanza kwa mwaka ule wa kuanzia. Hisabati ya mchujo si ya mchezo. Akae na maswali ya kalkulasi na uwezekano ya darasa la 11 na 12 kwa miezi mitatu kamili, ayafanye kwa mkono, bila kikokotoo.

Kama ada inawezekana, mpeleke Zanzibar. Umri wa miaka 18 na shahada ya mtandaoni nyumbani ni mchanganyiko mgumu, na wengi wanaoacha huacha hatua ya msingi. Kama haiwezekani, ya mtandaoni ianze na muhula mmoja wa kozi mbili tu, si nne.

Niko Minneapolis, nina green card, nafanya kazi za uangalizi wa wagonjwa zamu ya usiku. Nina cheti cha ualimu kutoka Kenya. Watu wanasema WGU unamaliza shahada ya kompyuta kwa mwaka mmoja. Kweli? – Msomaji, Minnesota

Wapo wanaomaliza mwaka mmoja, ila wengi wao waliingia wakiwa tayari wanaandika programu kazini au wana krediti nyingi mfukoni. Wewe pangia miaka miwili na nusu hadi mitatu. Ukiwahi, umeokoa fedha.

Western Governors University (WGU) ilianzishwa 1997 na ni ya wakazi wa Marekani, kwa hiyo ndugu zako walioko Kenya usiwaahidi. Muhula ni miezi sita, na unalipa kiasi kimoja, kama dola 4,000 na ushee, hata ukimaliza kozi tatu au kumi na tatu. Ukitumia mihula miwili ni kama dola 8,000, mihula mitano ni 20,000. Ndiyo maana kazi kubwa hufanyika kabla ya siku ya kuanza.

Kwanza, peleka hati zako za Kenya kwa kampuni ya kutathmini vyeti vya nje, omba ripoti ya kozi kwa kozi, si ile fupi. Kozi za elimu ya jumla za ualimu zinaweza kuhesabiwa. Pili, masomo ya jumla yaliyobaki na hisabati za mwanzo yasome Sophia, jukwaa la kozi za mtandaoni, ambako unalipa kwa mwezi, karibu dola 99, ukimaliza kozi nyingi uwezavyo. Kabla ya kusoma kozi yoyote huko, fungua orodha rasmi ya WGU ya makubaliano ya kuhamisha krediti kwa shahada yako na mwaka wako. Watu husoma kozi nzuri isiyokuwemo kwenye orodha, ikapotea bure. Tatu, usianze muhula hadi krediti zote zimeshaingizwa kwenye rekodi yako, kwa kuwa zikichelewa huwezi kuzirudisha nyuma.

Shahada ya sayansi ya kompyuta hudai uthibitisho wa hisabati kabla ya kukukubali. Ndani yake kuna kalkulasi, hisabati ya diskriti sehemu mbili, miundo ya data na algoriti sehemu mbili, na usanifu wa kompyuta. Diskriti ya pili na usanifu ndizo zinazowasimamisha watu kwa miezi. Shahada yao ya uhandisi wa programu imeacha kalkulasi na diskriti. Ni rahisi zaidi, na kwa anayetaka kazi ya kuandika programu tu inatosha. Anayewaza uzamili asiikimbilie.

Upimaji ni wa aina mbili: mtihani unaosimamiwa kwa kamera, na kazi ya kuandika au kujenga inayorudishwa ukikosea. Matokeo ni umefaulu au hujafaulu, na kila kozi uliyofaulu huhesabiwa sawa na wastani wa 3.0. Ukiwa mwanafunzi wa A, karatasi haitaonyesha. Kwa msaada wa serikali kama Pell Grant, ambao mwenye green card anaruhusiwa kuomba kwa FAFSA, fomu ya serikali ya kuomba msaada wa masomo, lazima umalize angalau theluthi mbili ya krediti ulizojiandikisha. Kwa hiyo jiandikishe kiwango cha chini, krediti 12, kisha uongeze moja moja unapomaliza. Anayejaza 20 tangu mwanzo na kufaulu 12 amejifungia msaada mwenyewe.

Na zamu ya usiku: mtihani wa kamera usiupange asubuhi unapotoka kazini.

Nina shahada ya biashara, miaka 31, nafanya kazi benki Dar. Sitaki kurudia shahada ya kwanza. Nimeona uzamili wa Georgia Tech wa bei ndogo na wa Colorado usiouliza cheti. – Msomaji, Dar es Salaam

Uamuzi wa kutorudia shahada ya kwanza ni sahihi, ila hesabu haziepukiki.

Uzamili wa Georgia Tech wa mtandaoni ulianza Januari 2014 na ndio uliofungua njia hii. Kozi kumi, krediti 30, na kwa jumla gharama yake imekaa karibu na dola 7,000, ambazo ni chache mno kwa chuo cha aina hiyo. Kuingia si lazima uwe na shahada ya kompyuta, lakini lazima uonyeshe kozi za kompyuta zenye alama, na mwenye biashara tupu hukataliwa. Ndani ya mwaka wa kwanza lazima ufaulu kozi mbili za msingi kwa B au zaidi. Kozi ya mifumo endeshi hutumia lugha ya C, na aliyezoea Python pekee hupotelea kwenye pointa na kumbukumbu. Kozi ya algoriti, ambayo matawi mengi ya ubobezi huidai kwa B, ndiyo inayowachelewesha watu kuhitimu. Tenga saa 10 hadi 20 kwa wiki kwa kozi moja. Mbili kwa pamoja na kazi ya benki, hapana.

University of Colorado Boulder walianzisha uzamili wao wa sayansi ya kompyuta kupitia Coursera 2023, kwa dola 525 kwa krediti. Krediti 30 ni dola 15,750. Kozi ni ndogo ndogo, krediti moja moja, na mlango ni kufaulu kozi tatu za mwanzo kwa wastani wa 3.0. Kuna ujanja halali hapa unaopaswa kuutumia: kozi zilezile zinapatikana kwa usajili wa kawaida wa Coursera bila krediti. Zisome kwanza kwa bei ya mwezi, fanya mazoezi yote, na ukijiona umeiva ndipo ulipie krediti na kufanya mtihani wa mwisho. Kozi tatu za algoriti, kuanzia kutafuta na kupanga hadi programu ya dainamiki, zitakuambia kama hii njia ni yako kabla hujatoa dola 525 ya kwanza. Hatujui kipimo cha bei nafuu zaidi ya hicho.

Kwako tunashauri miezi sita ya kalkulasi, aljebra ya mstari na diskriti kwanza, kisha hizo kozi tatu bila krediti. Ukizipita vizuri, una chaguo mbili: kuendelea Colorado, au kutumia alama zake kuimarisha maombi ya Georgia Tech. Shahada yako ya biashara inakulinda upande wa TCU, kwa kuwa uzamili wako utakuwa umekaa juu ya shahada ya kwanza inayotambuliwa.

Nimesoma kwa Kifaransa hapa Lubumbashi. Kiingereza changu ni cha kusoma tu. Nianze? – Msomaji, Lubumbashi

Usianze shahada bado. Kanuni za programu utazielewa, lakini insha na majadiliano ya kila wiki yatakumeza. University of the People huwapangia kozi ya Kiingereza wasio na uthibitisho, nayo inalipiwa na inachukua muhula. Jipe miezi sita ya kuandika, si kusoma, ukilenga aya moja ya maneno 200 kwa siku. Na Diplôme d'État yako itafsiriwe na mtafsiri aliyeidhinishwa, nakala ya Kifaransa ikiambatana nayo. Nakala ya tafsiri peke yake hurudishwa.

Laptopu ya GB 4 na bando la simu vinatosha? Na mtihani wa kamera unafanywaje umeme ukikatika? – Msomaji, Mbeya

GB 4 zinatosha mwaka wa kwanza kwa taabu. Ukifika kwenye hifadhidata na kuendesha mfumo endeshi mwingine ndani ya wako, zinakwama. Nunua iliyotumika yenye GB 8 na diski ya SSD ya GB 256. SSD ndiyo inayoifanya mashine ya zamani ipumue. Hakikisha RAM inaongezeka, maana nyingine imechomelewa kwenye ubao. Kuhusu bando, saa moja ya video ya ubora wa kati hula takribani nusu GB hadi GB 1. Pakua video usiku bando likiwa nafuu, utazame mchana.

Mtihani wa kamera huangukia mambo manne. Jina: kitambulisho kiseme sawa na usajili, herufi kwa herufi. “Mohamed” kwenye cheti na “Mohammed” kwenye pasipoti ni mtihani uliofutwa, kwa hiyo lirekebishe kwa hati ya kiapo siku unayoomba chuo, si wiki ya mtihani. Chumba: meza tupu, mlango umefungwa, hakuna sauti, na watoto wawe kwa jirani. Programu ya ukaguzi: isakinishe siku mbili kabla na ufanye jaribio lao, kwa sababu kompyuta ya ofisini yenye ulinzi wa mwajiri huikataa. Umeme na mtandao: betri ijae, simu yenye laini ya kampuni nyingine iwe tayari kugawa intaneti, na kasi ya kupakia uipime saa ileile ya siku utakayofanyia mtihani, maana jioni mitandao hulemewa.

Ukikatika, usifunge ukurasa. Unganisha upya, piga picha ya skrini inayoonyesha saa, na mwandikie msimamizi palepale kwenye dirisha lake la ujumbe, kisha mwalimu kwa barua pepe ndani ya saa hiyohiyo. Vyuo vingi humruhusu kurudia aliyeripoti papo hapo akiwa na ushahidi. Aliyeandika kesho yake huhesabiwa ameacha mtihani.